Nilivyojibu kwa Jina la Mama Yako

Muhuru Bay,
baada ya chakula cha jioni

Atieno mwanangu,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali, lakini naona ni kichekesho kumuuliza hali mtu aliye chumba cha pili, anayekunja nguo na kuzikunjua tena, na aliyeshaniita mara kadhaa kuuliza kama nimeiona chaja yake. Chaja iko juu ya kabati. Barua hii nitaiweka chini kabisa ya begi lako, ndani ya kiatu, ili usiione mpaka ufike Homa Bay na uanze kupanga vitu vyako. Nikikupa mkononi utaisoma hapa hapa, halafu tutaanza kuangaliana.

Sitakuambia ufunge mlango, uchemshe maji ya kunywa wala uchague marafiki. Shangazi yako amelifanyia kazi hilo tangu asubuhi na sauti imemkauka. Mimi nina jambo langu.

Ninataka kitu kimoja kwako, nacho ni uniamini tena. Nikikuambia nimekula, unaenda kufunua sufuria. Nikikuambia nimemeza dawa ya presha, unafungua kopo uhakikishe. Hunigombezi wala hukasiriki, unakagua tu, kimya kimya, na mimi najifanya sioni. Najua uliacha kuniamini lini na kwa nini, na hatujawahi kulizungumza mpaka mwisho. Kuanzia kesho hutakuwa na sufuria ya kufunua, utakuwa na maneno yangu tu kwenye simu. Ndiyo maana naandika.

Kazi unayoiendea naijua kuliko unavyofikiri. Wewe na mwenzako wa chuo mmekodi chumba karibu na soko, mtawapiga picha washonaji na wauza samaki na mama wa saluni, mtawatengenezea kurasa zao mtandaoni, na wale wasio na muda mtawajibia wateja wao. Ulipokuwa ukinieleza nilitikisa kichwa na kusema ni kazi nzuri, na ni nzuri kweli. Lakini hapo kwenye kuwajibia wateja wao niliingiwa na baridi. Kazi ya kujibu watu kwa jina la mtu mwingine nimeifanya, na huenda hapa Muhuru hakuna aliyeifanya kwa muda mrefu kuliko mimi.

Mama yako alipoanza ule ukurasa wake wa kuuzia omena mtandaoni mimi nilikuwa Awendo, naendesha trekta la miwa, nikija nyumbani wikendi moja moja. Nilimcheka. Nilimwambia omena ni dagaa tu, haihitaji picha, kila mtu anajua inavyofanana. Hakubishana nami. Alikuwa anaanika omena yake juu ya vichanja, si chini kwenye mchanga, anachukua konzi moja, anaifinya mbele ya simu watu wasikie inavyovunjika, basi. Hakuweka muziki wala maua. Kama mvua imemharibia, alikuwa anapiga picha ile iliyonyeshewa pia na kuandika: hii imeenda kwa chakula cha kuku, msiniulize. Na mwezi ukijaa, wakati omena haifuati taa na mashua hazitoki, alikuwa anaandika maneno mawili tu. "Leo sina."

Hayo maneno mawili yalikuwa yananiuma. Nilikuwa naona ni kama mtu anayefunga mlango wa duka wateja wakiwa kwenye foleni. Niliwahi kumwambia aseme angalau "inakuja hivi karibuni." Akanijibu kwamba mtu ukimwambia sina, siku ukimwambia ninayo, hatauliza mara mbili. Sikumwelewa. Nilikuwa mtu wa trekta, na kwenye miwa unachouza kinaonekana barabarani kutoka mbali. Mama yako alikuwa anauzia watu wa Eldoret na Kitale na Nakuru ambao hawajawahi kuliona hili ziwa, na hawakuwa na kitu kingine cha kushika isipokuwa neno lake.

Yaliyofuata unayajua. Aliugua, nikaacha trekta, nikaja kumuuguza, na hakukaa. Tulimzika, watu wakarudi kwao, na wewe ukarudi chuo kwa sababu mimi mwenyewe nilikushurutisha urudi. Nikabaki na nyumba na vichanja na simu yake.

Muhuru nzima ilijua amekufa. Simu ndiyo haikujua. Iliendelea kuita na kuwaka juu ya meza. Mama Atieno, nina wageni Jumamosi, nitumie ile ya kawaida. Mama Atieno, umepotea, uko salama? Siku za kwanza niliigeuza kifudifudi. Halafu asubuhi moja mwanamke mmoja wa Kitale akaandika tu, habari ya kuamka dada, na sijui ni nini kilinishika. Nikaichukua nikaandika: nzuri dada, na wewe? Nilijua jinsi alivyokuwa akiandika, kwa sababu alikuwa ananisomea jumbe zake kila nilipokuja nyumbani. Yule wa Kitale akafurahi, akaagiza, nikampakilia na kumtumia mzigo.

Ulipokuja kuniuliza kwa nini nilifanya hivyo, nilikuambia niliogopa kupoteza wateja. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu tu. Wateja walikuwa wakiamini jina lake na hawakujua langu, na karo yako ilikuwa inatoka kwenye ile omena. Nusu ya pili sikuwahi kuisema kwako wala kwa mtu yeyote. Nilikuwa mpweke, mwanangu. Nyumba ilikuwa imenyamaza, na ile simu ilikuwa ndiyo mahali pekee palipobaki ambapo watu bado walikuwa wanamwita na yeye anaitika. Nilikuwa nakaa pale kitandani upande wake, nawajibu watu, na kwa muda ule mfupi ilikuwa kama yuko jikoni na mimi nimeshikilia simu yake tu kwa sababu mikono yake ina unga. Ilinifariji. Ndiyo sababu sikuacha mapema, wala si ile ya wateja.

Jina la mtu ukiliazima unalitumia vibaya hata kama hukukusudia. Sikuwa na jicho lake wala mikono yake. Picha zangu zilikuwa na vidole, basi nikaanza kurudia zake za zamani. Maneno yangu yalikuwa makavu, nikaanza kunakili yake ya zamani. Na lile la kusema sina, hilo lilinishinda kabisa. Nikiishiwa nilikuwa nakimbilia kwa jirani, nachukua iliyoanikwa mchangani, naipakia na kuiandika jina lake. Watu wakaanza kulalamika kwamba omena ina changarawe. Badala ya kuwaomba msamaha nikatafuta wa kuisifu. Niliwaomba binamu zako waandike maneno mazuri pale chini ya picha. Wote waliandika, na yule Odhiambo anayechimba dhahabu kule Masara alifanya bidii mpaka akaisifu omena ambayo nilikuwa nimeandika kwamba bado inakauka. Alisema ameila na familia nzima imefurahi. Odhiambo hana hata mke. Wewe ulikicheka hicho kisa nilipokusimulia, nami nikacheka, lakini siku ile sikucheka, kwa sababu mteja mmoja alimuuliza aliila mbichi au vipi.

Simu za kupigiwa sikuzipokea. Mtu akipiga nilikuwa namwacha mpaka ikate, halafu naandika: niko sokoni dada, kuna kelele, niandikie. Kila mtu aliniamini, isipokuwa Mama Chebet.

Mama Chebet wa Eldoret hukuwahi kumwona, wala mama yako hakuwahi. Alianza kama mteja, na kwa miaka wakawa wanatumiana picha za watoto, wanaambiana nani anaumwa jino na nani amepita mtihani. Picha yako ya kidato cha nne anayo. Mama yako ndiye aliyemfundisha mambo ya omena, kwamba taa ndiyo inayoita samaki na mwezi ukijaa taa haina kazi. Alipoendelea kutuma salamu zake baada ya mazishi, nilimjibu kila mara. Alinitumia picha ya mjukuu wake wa kwanza na nikamwandikia kwamba amefanana naye. Kumbuka sijawahi kuona sura yake hata mara moja.

Siku moja nikanakili tangazo la zamani, omena ya jana usiku imekauka vizuri, karibuni, nikalituma kwa wote. Sikutoka nje kuangalia juu. Mtu wa Muhuru mzima, niliyezaliwa hapa, nikatangaza omena ya jana na mwezi ulikuwa umejaa mpaka unaweza kuokota sindano uani. Hakuna mashua iliyokuwa imetoka. Yule mama wa Eldoret aliyefundishwa na mama yako akatoka nje kwake, akaangalia juu, akajua.

Hakuandika. Alipiga, na alipiga kwa namba nyingine nisiyoijua, nikapokea nikidhani ni mtu wa gari la mizigo.

"Nipatie Mama Atieno niongee na yeye," akasema.

Nikamwambia hayuko. Akaniuliza yuko wapi. Nikasema ametoka. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba anajua ametoka, anachouliza ni ametoka kwenda wapi, kwa sababu Mama Atieno anayemjua hangemuuzia omena ya usiku wa mwezi.

Unajua, kwenye mazishi huwa humwambii mtu kwamba mtu wako amekufa. Wote wanakuja wakiwa wanajua. Wanakushika mkono, wanalia, wanakula, wanaenda. Kwa hiyo sikuwa nimewahi kulitamka lile neno kwa kinywa changu. Nilisimama pale katikati ya vichanja nikamwambia mwanamke nisiyemjua kwamba mke wangu amekufa, na kwamba ni muda sasa.

Halafu akaniuliza ni nani aliyekuwa anamjibu. Nikasema ni mimi. Akalia. Mwishowe akasema neno ambalo mpaka leo linaniamsha.

"Ungeniambia, ningekuja matanga. Ningekuja kumzika."

Basi, akakata. Sisi Waluo tunajua kumnyima mtu mazishi ya rafiki yake ni kitu gani. Watu husafiri mchana na usiku, hukodi gari, hukopa, ili wafike tu na kutupa konzi ya udongo. Mimi nilimnyima yule mama hilo ili nimuuzie dagaa. Hakuninunulia tena. Huwa namtumia ujumbe omena ikiwa safi na huwa namtumia nikiwa sina, naona kwamba anasoma, hajibu. Sijamlaumu.

Ungedhani baada ya hapo ningetangaza. Sikutangaza. Niliona aibu kuendelea kuandika kwa mkono wangu kama mama yako, na niliona aibu zaidi kusema ukweli, kwa hiyo nikatafuta njia ya tatu ya mtu mwoga. Nilienda kwa kijana wa duka la simu pale senta akaniwekea jibu la kujituma lenyewe. Mtu akiandika tu, simu inamkaribisha. Nikajiambia sasa si mimi ninayedanganya, ni simu.

Na wiki ile ile ukaandika wewe.

Niliamka nikafungua simu na kukuta jina lako juu kabisa. Uliandika neno moja. "Mama." Na chini yake, dakika ile ile, chini ya picha yake akiwa na kile kitambaa chake cha kijani, ile simu ilikuwa imekujibu: karibu sana mteja wetu mpendwa, omena safi ipo, unahitaji kiasi gani?

Niliketi chini. Nilitaka kukupigia. Nilitafuta namba yako, nikaitazama, nikarudisha simu mezani. Nikasema nitapiga jioni. Jioni nikasema yuko darasani, sijui darasa gani hilo la jioni. Mwanangu, kosa langu kubwa si lile la wateja, ni hili. Niliona ulichoandika, nikaona ulichojibiwa, nikanyamaza muhula mzima. Nilikuwa nakupigia Jumapili nakuuliza chakula kikoje na mitihani ikoje, na wewe unanijibu, na sote tunajua.

Ulipofunga chuo ukaja, hukusema kitu kwa siku kadhaa. Sasa najua ulikuwa unanisubiri mimi. Mwishowe, tukigeuza omena kwenye kichanja, wewe upande ule na mimi huku, ukasema bila kuniangalia:

"Nilikuwa nakuona online usiku, baba. Nilikuwa najua ni wewe. Lakini nilikuwa nafungua tu nione imeandikwa mama yuko online, ndio nilale."

Nilikuambia sikuuona ujumbe wako. Hicho ndicho nilichokujibu. Ulikuwa umenifungulia mlango hivyo na mimi nikakudanganya tena, nikitazama omena. Hukubisha. Uliendelea kugeuza. Nadhani ni hapo ulipoacha kuniamini, si kule chuoni. Niliuona, Atieno. Niliuona asubuhi ile ile.

Jioni tuliandika tangazo pamoja. Ulishika simu wewe, mimi nikawa nasema maneno. Nikasema andika ametangulia, andika amepumzika, andika hatuko naye tena kibiashara, na hapo ukaniangalia.

"Si tuandike tu alikufa, baba. Na tuandike ni wewe ulikuwa unajibu."

Ukaandika hivyo, ukaweka picha yangu, ambayo sikuwa nimejiandaa hata kunyoa, ukabadilisha jina la ukurasa. Watu wengi walituma pole. Wengi wao hawakununua tena. Wengine waliniandikia maneno makali na ulinizuia nisiyafute, ukaniambia nijibu kila mmoja pale pale mbele ya wote, nikajibu mpaka vidole vikauma. Waliobaki ni wachache, lakini hao wakinipigia napokea. Wanajua sauti yangu ni nzito na najua majina yao. Siku ya kwanza nilipoandika mwenyewe kwamba leo sina, niliyasoma maneno hayo mawili tena na tena kabla ya kuyatuma. Kesho yake wakaagiza wale wale. Nilimkumbuka mama yako siku hiyo mpaka nikashindwa kula, na ulipofunua sufuria ulikuwa na haki.

Kwa hiyo ukikaa na yule mshonaji wako wa kule sokoni, usimpe maneno matamu asiyoyajua. Muulize anavyoongea na mtu aliyesimama mbele yake, kisha umwandikie hivyo hivyo, hata kama Kiswahili chake kinachechemea. Kama hajui kushona zipu vizuri, watu wajue hawawekewi zipu pale. Atakuambia unamfukuzia wateja, kama mimi nilivyomwambia mama yako. Mvumilie. Na ukiwa unamjibia, sema ni wewe unayejibu. Atapata hasara kidogo mwanzoni, na ninajua wewe na mwenzako mtakuwa mnahitaji pesa ya pango, na mtu atakuja na simu yake na kuwaambia mumtafutie watu mia wa kumsifu. Sikuzuii kwa hilo. Nakueleza tu jinsi Odhiambo alivyoiramba omena mbichi.

Nimekusikia umefunga zipu ya begi. Itabidi nilifungue kwa siri ukishalala, au nikuambie nimesahau kuweka kitu. Nitakuambia nimesahau kuweka kitu, na hilo ni kweli.

Jioni hii, tulipokuwa tunaosha vyombo, uliniuliza kama nitakuwa sawa. Nikakujibu upesi, nitakuwa sawa kabisa, wewe nenda. Ukaitikia kwa kichwa, ukaendelea kusuuza sahani, na niliona hukuamini.

Ulikuwa sahihi. Sitakuwa sawa. Nyumba hii itanielemea kuanzia kesho jioni, na nitakaa na redio ikiongea peke yake, na kuna siku nitasahau kupika kwa sababu hakuna wa kumpikia. Nitakukosa vibaya. Hata hivyo nenda, na usirudi kwa sababu ya hilo. Nimekuambia ili siku nitakapokuandikia kwamba leo niko sawa, ujue niko sawa.

Ni mimi mwenyewe,
baba yako.